Waliobaki Granada

Kila inapotajwa Granada, mji wa mwisho wa utawala wa Kiislamu Uhispania, watu humlilia mfalme wake. Abu Abdillah, ambaye Wahispania walimwita Boabdil, aliukabidhi mji kwa Ferdinand na Isabella, watawala Wakristo wa Uhispania, tarehe 2 Januari 1492, na machozi yanayosemwa aliyamwaga njiani yamesimuliwa hadi leo. Lakini alipewa mashamba milimani Alpujarras, na mwaka uliofuata akavuka bahari kwenda Fez, Morocco. Wakubwa wengi waliuza mali zao wakaondoka pia. Huzuni yangu ni ya mfuma hariri na mama mwenye watoto katika vichochoro vya Albaicín, mtaa wa Waislamu mjini humo, wasiokuwa na pa kwenda.

Hao waliachiwa mkataba wa kusalimisha mji. Uliandikwa Novemba 1491, na ukiusoma utadhani ni wa watu waungwana: misikiti ibaki, kadhi aendelee kuhukumu kwa sharia, mali isiguswe, asilazimishwe mtu kuwa Mkristo. Wayahudi wa mji nao waliingizwa humo. Hata miezi mitatu haijatimia tangu mji ukabidhiwe, Ferdinand na Isabella, wakiwa humo humo Granada, walitia saini amri ya kuwafukuza Wayahudi wote wasiokubali ubatizo.

Waislamu walipata miaka saba ya afueni. Askofu mkuu wa kwanza, Hernando de Talavera, alitaka kuwavuta kwa mahubiri, akawahimiza mapadri wake wajifunze Kiarabu. Mwaka 1499 akaja Cisneros, askofu mkuu wa Toledo: watu wakabatizwa kwa makundi, vitabu vya Kiarabu vikachomwa hadharani, vya tiba tu vikaachwa. Albaicín ikaasi. Basi watawala wakasema, mmeasi, mkataba umekufa. Hapa ndipo hasira hunipanda. Walioanza kuuvunja ni wao, na adhabu ikamwangukia aliyevunjiwa. Kufikia 1502 Mwislamu katika ufalme wa Castile, ambao sasa Granada ilikuwa chini yake, alitakiwa kuchagua: ubatizo au kuhama.

Wengi walibatizwa, mioyo ikabaki ilikokuwa. Mwaka 1504 mufti mmoja wa ng'ambo ya bahari, aliyejulikana kwa jina la mji wa Oran, aliwaandikia barua ambayo kila nikiikumbuka hunigusa. Mkizuiwa kuswali mchana, swalini usiku. Mkikosa njia ya kutawadha, tayamamuni, hata kwa kupangusa mikono ukutani. Mkilazimishwa kunywa mvinyo, kunyweni bila kuukusudia. Hebu fikiria mtu anayehitaji fatwa ili aweze kuishi nyumbani kwake!

Mwaka 1567 ikaja amri nyingine: Kiarabu kikome ndani ya miaka mitatu, shela zivuliwe, hamamu zifungwe, milango ya nyumba iwe wazi siku za Ijumaa. Mzee Francisco Núñez Muley, mmoja wa jamii hiyo iliyobatizwa, aliyewahi kumtumikia Talavera akiwa kijana, aliandika kupinga. Wakristo wa Jerusalem wanasema Kiarabu, alihoji, je, hao si Wakristo? Na hamamu ni mahali pa kuoga, dini inaingiaje hapo? Hakusikilizwa.

Mwishoni mwa 1568 Alpujarras ikawaka moto wa uasi. Vita vilipokuwa vikielekea kwisha, watu hao waling'olewa Granada na kutawanywa bara, huko Castile, wengi wakafia njiani kwa baridi na njaa. Kati ya 1609 na 1614 Uhispania ikawafukuza wajukuu wao na wenzao wa sehemu nyingine, watu wapatao 300,000, wengi wakaangukia Tunis, Tetuan na Rabat. Kwa karatasi za kanisa, wote walikuwa Wakristo.