Damu ya Kisigino, Damu ya Kitovu

Julai ya Nairobi ni baridi inayoingia hadi wodini. Dirisha moja halifungiki vizuri, na alfajiri visigino vya watoto wachanga huwa kama mawe ya mtoni. Alfajiri moja ya namna hiyo nilimdunga kisigino mtoto wa siku mbili, nikakamua na kukamua hadi tone likatoka. Kijimashine cha kupima laktati, kemikali ambayo seli huitoa ndani ya damu, kikasoma 6.1, namba ya juu. Daktari wa zamu akaanza kutaja maambukizi ya damu. Mimi nikamtazama mtoto: ananyonya vizuri, rangi nzuri, anapumua bila taabu. Tukachukua damu nyingine kwenye mshipa, nyuma ya kiganja, bila kufunga mpira wa kukaza mkono. Ikasoma 2.4, namba isiyotisha.

"Sista, mbona mnamdunga tena?" mama yake akaniuliza. Nilimjibu, lakini sikulipenda jibu langu mwenyewe.

Laktati hupanda seli zinapokosa oksijeni ya kutosha, ndiyo maana tunaitafuta kwa mtoto aliyechelewa kulia au anayeshukiwa kuwa na maambukizi. Shida ni kwamba hupanda pia kwa sababu zisizo ugonjwa. Mguu ukiwa baridi, damu huzubaa humo. Ukikamua, maji ya nyama huchanganyika na damu na chembe nyekundu hupasuka. Mpira ukikaa mkononi muda mrefu, inapanda. Mtoto akilia kwa nguvu, inapanda. Na hata ukichukua damu safi kabisa kisha chupa ikae mezani ikimsubiri mpeleka sampuli anywe chai, chembe nyekundu zinaendelea kula sukari na kutoa laktati humo humo ndani. Ndiyo sababu ya ile chupa yenye kifuniko cha kijivu, iliyo na dawa ya kuzizuia, na barafu.

Wapo wenzangu wanaotaka kisigino kiachwe kabisa. Wana hoja: kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, kudungwa mshipa na mkono uliozoea humuuma kidogo kuliko kisigino. Lakini njoo kwa njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, wa kilo moja. Damu yake yote ni kama mililita 80 au 90, haijazi kikombe cha chai. Kumtoa mililita nzima kila mara si mchezo, ilhali kijimashine kinatosheka na tone. Ateri ya mkono, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, inasema kweli kuliko zote, ila kuipata kwenye kimkono kama kidole changu ni kazi ya wachache, na usiku wachache hao wako chumba cha upasuaji.

Kwa hivyo mimi natetea kisigino, kwa masharti. Mguu upashwe joto kwanza kwa kitambaa cha uvuguvugu, au mtoto akae kifuani mwa mama. Udunge pembeni mwa kisigino, kamwe si nyuma penye mfupa. Tone la kwanza lifutwe. Kosa la kisigino kwa kawaida huelekea juu, kwa hivyo kikisoma chini napumua. Kikisoma juu na mtoto anaonekana mzima, narudia kwa mshipa. Akionekana mgonjwa, tunamtibu huku tukirudia. Hakuna cha kungoja.

Kitovu nacho, ile kamba inayokatwa mtoto akizaliwa, kina raha yake, maana hakuna anayedungwa. Ila kina ateri mbili na vena moja, mshipa wa kurudisha damu kwa mtoto. Ateri zinatoka kwa mtoto kwenda kwenye kondo, hizo ndizo zinazosimulia hali yake. Vena inatoka kwenye kondo, na laktati yake kwa kawaida huwa chini kidogo. Ukiteka vena ukadhani ni ateri, umepata habari za nyumba ya jirani. Tena kitovu kinaeleza kuzaliwa tu. Cha kesho hakijui.

Kinachoniudhi hasa ni fomu. Ina nafasi ya jina, wodi na aina ya kipimo, lakini hakuna mahali pa kuandika damu imetoka wapi. 6.1 ya kisigino baridi na 6.1 ya ateri zinafika kwa daktari zikifanana kama mapacha.

Siku hizi naandika pembeni kwa kalamu: "Kisigino cha kushoto, kimepashwa joto, alilia." Wiki iliyopita kijana wa maabara alinipigia simu kuuliza "alilia" ni kipimo gani. Tulicheka, nikamweleza. Sasa majibu yakirudi, naye ananakili maneno hayo chini ya namba.