Jela Haiendwi Mikono Mitupu

Ukimuuliza mtu wa Mombasa njia ya kwenda Fort Jesus, ile ngome kongwe ya Wareno, hata kidole hanyoshi. Atakuelekeza kwa kidevu, "Hapo mbele tu," hata kama mko Bamburi na hapo mbele penyewe kuna foleni ya Kongowea, daraja la Nyali na jua la saa tano. Na hakuna matatu inayokufikisha mlangoni. Makanga atakuapia kwamba anafika Fort, ataapa kwa mamake mzazi, kisha atakumwaga Posta na kukuambia, "Si ndiyo hiyo hapo!" Sisi wenyeji tushazoea. Taabu inaanza ukiwa umeandamana na mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni wa Wundanyi, kule juu Taita kwenye baridi. Mombasa huja kwa nadra, na akija haulizi bahari iko wapi. Safari hii alikuja na haja moja: aonyeshwe Fort Jesus. Si kwa utalii. Marehemu babake aliwahi kufungwa mle enzi za mkoloni, kabla yeye hajazaliwa, kwa kesi ambayo mpaka leo ukoo mzima haujakubaliana kama ilikuwa ya kodi au ya mbuzi. Na jela ilikuwa kweli. Waingereza waliigeuza gereza mwaka 1895, ikabaki hivyo hadi 1958, ndipo baadaye ikafanywa makumbusho. Nilimweleza yote hayo usiku, mke wangu akiwa shahidi. Akaitikia kwa upole, "Haya, Baba Riziki, nimesikia."

Alfajiri namkuta jikoni anaponda kimanga. Muhogo na maharagwe, mwiko unapanda na kushuka, jasho linamtoka. Alipomaliza akakishindilia kwenye hotipoti kubwa, akaongeza chupa ya chai, mwavuli na kanga, vyote akavitia ndani ya lile begi la sandarusi la mistari ya buluu na nyekundu, lenye zipu, ambalo kila nyumba Kenya inalo moja juu ya kabati.

"Mama, chakula chote hiki tunampelekea nani?"

"Wewe unakwenda jela mikono mitupu?"

"Lakini mama, hakuna mfungwa mle tangu 1958."

"Basi njaa yao ni ya siku nyingi."

Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikalibeba begi.

Nilipendekeza tuktuk hadi mlangoni, tumalize maneno. Mama akaizunguka moja iliyokuwa imeegeshwa, akaitazama mbele, akatikisa kichwa. "Gurudumu moja tu huku. Nalo likichoka?" Tukapanda matatu ya Posta. Makanga akalinyakua begi akalitupa nyuma, juu ya mizigo ya watu wengine.

"Mwanangu, hilo lina chakula," mama akamwambia.

"Usijali mamangu. Litafika kabla yako."

Laiti angejua.

Ndani ya matatu za Mombasa hakuna siri. Mama alipomwambia jirani yake kwamba anakwenda jela, abiria wote waligeuka kunitazama mimi. Ikabidi nifafanue. Nikaanza: Wareno walianza kuijenga 1593, kwa mawe ya matumbawe... Sikufika mbali. Mzee mmoja wa kofia, kwa sauti yake ni mwalimu aliyestaafu, akanikata kalima. "Taja na aliyeichora! Mtaliano, Giovanni Battista Cairati." Mwingine akadakia kwamba habari tamu ni ya Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno huko Goa, wakambatiza, wakamwita Jerónimo, wakamrudisha kutawala Mombasa wakidhani wamepata mtu wao. Mwaka 1631 akaingia ngomeni, akamuua kapteni wao kwa mkono wake na kuiteka. "Mlezi wa mwana wa mwenzio!" mama mmoja wa buibui akaguna, na sikuelewa anamhurumia nani.

Mwalimu akaendelea na jinsi Waomani walivyoizingira ngome, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Waliokuwa ndani walikufa zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Hapo ndipo mama mkwe wangu alipoamka.

"Miaka miwili na zaidi? Walikuwa wanaletewa chakula na nani?"

"Na merikebu kutoka Goa, mama. Zikichelewa, basi."

Akanitazama. Sikusema kitu.

"Na 2011 UNESCO wakaitia kwenye urithi wa dunia," mwalimu akahitimisha.

"Na nauli ikabaki pale pale," akajibu makanga akining'inia mlangoni.

Katika kelele zote hizo alikuwepo kijana mmoja kiti cha nyuma, shati limepigwa pasi, kimya kabisa. Kila gari likiruka tuta anageuka kutazama mizigo. Shombo ilikuwepo pia, nisiseme uongo, lakini tulikuwa juu ya daraja la Nyali na upepo wa bahari unaingia kwa kila dirisha. Nani angeuliza?

Posta kulikuwa na polisi wa trafiki. Wenye kuijua Digo Road wanajua maana yake. Gari halikusimama, lilipunguza mwendo tu kwa heshima. "Shukeni, shukeni, shukeni!" Mama nikamshusha kwa kwapa, makanga akafungua nyuma, begi likaruka hewani, nikalidaka, na matatu ikapotelea upande wa Ferry.

Kutoka hapo ni miguu. Unaingia Nkrumah Road, unalipita kanisa kuu la Holy Ghost, unapita mabenki na mahakama, unatelemka hadi Treasury Square, na Fort iko mbele yako. Si mbali, ila ukibeba begi begani na mama mkwe anasimama kusalimia kila askari wa benki, inakuwa safari. Njiani nikahisi maji yananitiririka shingoni. Chai imemwagika, nikajisemea. Tone likafika mdomoni. Chai ya chumvi. Nikaona labda ndivyo wanavyokunywa Taita, na mkwe haulizwi mambo ya chai.

Tulipofika kwenye bustani ya Treasury Square, mama aliyekuwa nyuma yangu akaniita.

"Baba Riziki."

"Naam, mama."

"Begi linapumua."

Kwa kweli kitu kilikuwa kimenigusa bega kutoka ndani, tena kwa ncha. Lakini nusu ya akili ilikuwa kwenye jua na nusu kwenye adabu. Nikamwambia ni hotipoti inatoa mvuke. Akaridhika.

Mlangoni palikuwa na foleni: watoto wa shule na sare zao, watalii wawili wa kofia pana, sisi nyuma yao. Askari wa zamu, mtu mstaarabu sana, akaomba tulifungue begi aangalie. Juu ya meza yake kulikuwa na daftari, na kalamu iliyofungwa kwa uzi isiibiwe.

"Ni chakula tu," mama akasema kwa fahari. "Cha wafungwa."

Askari akanitazama mimi. Nikatazama bahari. Akavuta zipu.

Aliyetoka kwanza alikuwa kaa wa mikoko, wale wa kijani cha tope, gando lake moja linapita ngumi yangu. Wenzake walikuwa wamefungwa kamba vizuri. Huyu alikuwa ameikata yake, na kipande kinaning'inia mguuni kama hirizi. Alipanda ukingo wa begi, akasimama mezani, akatutazama kwa yale macho ya vijiti, jicho moja kwa askari na jingine kwa mama mkwe wangu. Askari akainua kalamu kumsukuma. Kaa akaikamata. Akaanza kurudi nyuma nayo, kalamu ikavuta uzi, uzi ukavuta daftari, na daftari likamfuata taratibu mpaka ukingo wa meza. Askari aliwahi daftari. Hakuwahi kidole.

Sauti aliyotoa sidhani kama ilisikika tena pale tangu wakati wa Waomani.

Akarusha mkono, mkono ukapiga begi, begi likaanguka, na wengine wote wakamwagika sakafuni. Gando likiwa limefungwa haina maana miguu imefungwa. Walitawanyika kwa ubavu, kila mmoja na njia yake. Watoto wa shule wakapiga mayowe ya furaha. Mwalimu wao akapanda juu ya kiti. Mtalii mmoja alikuwa anapiga picha na kutabasamu, nadhani aliamini ni sehemu ya maonyesho yaliyomo kwenye tiketi. Waomani walihangaika nje ya kuta zile karibu miaka mitatu. Kaa waliingia kabla askari hajamaliza kupuliza kidole.

"Shika nyuma, yakhe! Nyuma!" Aliyetuokoa ni muuza madafu wa nje, aliyeacha panga lake akaja kuwaokota mmoja mmoja, kidole gumba chini, vingine juu ya gamba.

Mama mkwe wangu hakukimbia wala hakupiga kelele. Alikuwa ameinama juu ya begi tupu, amelishika kwa mikono miwili, anachungulia.

"Baba Riziki," akasema polepole, "wamekula kimanga chote. Na hotipoti yangu wamekula."

Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumjibu mkwe jambo kama hilo, mara ikafika bodaboda kwa kishindo. Akashuka yule kijana wa shati la pasi, na begi la mistari ya buluu na nyekundu kifuani. Kumbe yeye huchukua kaa kwa wavuvi wa Mtwapa na kuwauzia wapishi wa hoteli mjini. Na kwa vile makanga hawapendi samaki kwenye gari, huwasafirisha kaa wake kama nguo. Alifika jikoni kwa mteja, akafungua zipu kwa mbwembwe, na mpishi akakuta kimanga. Kututafuta hakukumpa shida. Matatu nzima ilijua tunakwenda jela.

Akahesabu kaa wake. Walitakiwa kuwa kumi na wawili, akapata kumi na mmoja.

"Mmoja hayuko. Huyo ni pesa, mama."

Mama hakumjibu. Alifungua hotipoti yake, akaipima kwa jicho.

"Na robo ya kimanga iko wapi?"

Kijana akakohoa. "Mpishi alionja."

"Alionja kwa sepetu?"

"Alipenda, mama. Alisema tu kimepungua chumvi kidogo."

Hilo la chumvi asingelisema. Mama alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. Akataka kujua mpishi huyo ni mtoto wa nani, kimanga alikifundishwa na nani, na hotelini mwao wanapika nini cha maana zaidi ya wadudu hawa. Kijana akatazama kaa wake, akatazama saa. "Kaa wako mmoja, kimanga changu robo," mama akakata shauri. "Hatudaiani." Kijana akapanda boda. Muda wote huo muuza madafu alikuwa ameketi juu ya ndoo yake iliyofunikwa, na hakuinuka mpaka vumbi la boda lilipotua.

Ndani tuliingia, tena kwa heshima zote, askari akituongoza mwenyewe na kidole chake kikiwa kimefungwa kitambaa. Mama hakujali mizinga wala sahani za Kichina. Alipofika kwenye ule mfupa mkubwa wa nyangumi uani, alisimama akauzunguka. "Na huyu alifungwa kwa kesi gani?" Halafu akaomba aonyeshwe upande waliolala wafungwa. Akauegemeza mkono kwenye ukuta, ule wa matumbawe, unaokwaruza kiganja. Akauliza kama walikuwa na dirisha. Akasema, "Ndiyo maana mzee hakutaka kulala ndani ya nyumba, hata mvua ikinyesha," kisha akaniambia ana njaa.

Tulikula nje, chini ya mti unaotazama bahari. Askari alipata sahani ya kwanza. Aliulizwa kuhusu chumvi kabla hajameza, akaapa iko sawasawa, akaongezewa.

Jioni Posta ilikuwa imejaa. Matatu ya Bamburi ikasimama, watu wakaivamia, nikapigana nikapata viti viwili. Mama akaketi kimoja. Cha dirishani akaliweka begi.

"Mama, begi nyuma," akasema makanga.

"Hili nyuma haliendi tena."

"Basi litalipa kiti."

"Litalipa."

Akafungua kibindo, akamhesabia. Makanga akapokea, akanitazama nilivyosimama mlangoni na jasho langu na shombo langu.

"Na huyu baba je?"

Mama akanitazama. Akalitazama begi.

"Huyo ni mwenyeji," akasema. "Atapanda inayofuata."