Riwaya ya upelelezi ichaguliwe kwa swali lake, si kwa umri wa msomaji

Wengi wanaosema hawapendi riwaya za upelelezi walianzia kwenye kitabu kisichowafaa. Aliyetaka kuumiza kichwa alipewa kitabu cha bastola na kukimbizana. Aliyetaka kukimbizana alipewa kurasa 300 za watu waliokaa sebuleni wakijibu maswali. Kila mmoja akakiweka pembeni, na kila mmoja alikuwa na haki. Wanaonunua vitabu hivi, hasa wanaomnunulia mtu mwingine, huangalia umri ulioandikwa kwenye jalada na kuishia hapo. Umri ni muhimu, lakini msomaji atafika ukurasa wa mwisho kwa sababu ya swali ambalo kitabu kinamwekea kichwani.

Maswali yenyewe si mengi. "Nani kafanya?" ndilo linalojulikana zaidi: washukiwa watano hadi wanane, kila mmoja na siri yake. "Kafanyaje?" ni la chumba kilichofungwa kwa ndani na maiti iliyokutwa humo. Swali hili limekuwepo angalau tangu mwaka 1841, Edgar Allan Poe alipochapisha The Murders in the Rue Morgue, hadithi ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa fani hii. Kisha kuna "atanaswaje?", ambapo mhalifu tunamjua tangu mwanzo. R. Austin Freeman alilifanyia kazi katika hadithi za The Singing Bone mwaka 1912: unashuhudia kosa likitendwa, halafu unakaa kutazama lile dogo alilolisahau mtendaji likimrudia. La mwisho ni "itakuwaje?", ndugu wa riwaya za ujasusi, ambamo fumbo ni dogo na hatari ni kubwa.

Kulitambua swali la kitabu hakuhitaji kusoma maoni ya mtu. Fungua sura ya pili, usome kurasa tano. Ukikuta mahojiano, hicho ni cha "nani". Ukikuta milango, saa na vipimo vya madirisha, ni cha "vipi". Ukijikuta ndani ya kichwa cha mtu mmoja anayehesabu hatua zake, ni cha "atanaswaje". Mtu akiwa tayari anakimbia, jibu unalo. Sura ya kwanza haifai kwa jaribio hili, kwani karibu kila mwandishi huitumia kukushtua tu.

Kwa watoto, umri una uzito zaidi, ila si kwa sababu wazazi wengi wanazozidhania. Mtoto wa miaka sita hadi minane hashindwi na damu peke yake. Hushindwa na idadi ya watu. Mpe washukiwa watatu, wanne wakizidi sana, kitabu kisichopita kurasa 80, na kosa ambalo yeye mwenyewe analielewa: kitu kimepotea, kitu kimeharibiwa, mtu kadanganya. Kuanzia miaka tisa hadi 12 anaweza kubeba kurasa 150 au 200 na kundi la watoto wapelelezi, wenye nafasi ya kukosea bila mtu mzima kuwaokoa kila mara. Kifo kinaweza kuingia baada ya hapo, na hata hapo kinachomgusa kijana wa miaka 13 ni sababu ya kosa kuliko kosa lenyewe. Kitabu kinachomwambia kwamba muuaji alikuwa mbaya tu, basi, kitamchosha, na ana haki ya kuchoka.

Mzazi anayesoma kwa sauti aache kumuuliza mtoto "unadhani ni nani?" kila baada ya kurasa mbili. Swali hilo humfanya ataje jina lolote. Muulize sura inapoisha: "Leo nani kasema uongo?" Hapo atarudi kwenye maneno ya wahusika, na huko ndiko upelelezi uliko. Na kama mtoto anaogopa usiku, usifungie kitabu mwisho wa sura. Waandishi huimalizia sura pale mlango unapofunguka taratibu. Endelea kurasa mbili za sura inayofuata, mpaka ijulikane nani alikuwa mlangoni, ndipo ufunge.

Sasa nije kwenye utamu wenyewe, yaani jinsi dalili inavyofichwa. Tuchukue sentensi ya mfano: "Mezani palikuwa na kalamu, miwani, kikombe cha chai iliyopoa, funguo mbili na barua ambayo haikufunguliwa, mara mlio ukasikika kutoka ghorofani." Karibu kila msomaji ataondoka na barua kichwani, kwa kuwa imekuja mwisho na haijafunguliwa. Wengine watabaki na mlio tu. Lakini chai iliyopoa inasema kwamba mwenye chumba aliondoka muda mrefu, pengine kabla ya saa aliyoitaja. Miwani nayo imekaa ya pili katika orodha ya vitu vitano, mahali ambapo jicho hupita bila kusimama. Kama kurasa 20 nyuma mwenye chumba alisoma gazeti bila miwani, basi hii si ya kwake, na alikuwepo mwingine chumbani. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi mzuri: haifichi dalili gizani, anaiweka hadharani kisha anakugeuza shingo. Orodha, mzaha wa mhusika asiyeheshimika, na sentensi inayotangulia kishindo ndizo sehemu tatu za kusoma polepole.

Mwandishi naye ana deni kwa msomaji. Mwaka 1929 Ronald Knox, mwandishi Mwingereza wa riwaya za upelelezi, aliandika kanuni kumi za uungwana katika fani hii. Baadhi zimepitwa na wakati, ila kiini chake bado kina nguvu: mambo ya miujiza yasiwe jibu, pacha asitokezwe bila msomaji kuandaliwa, mpelelezi asishike dalili ambayo sisi hatujaonyeshwa. Muhammed Said Abdulla alilielewa hilo vizuri sana katika riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale. Maiti inakutwa mahali penye kutisha, watu wana maelezo yao ya kimizimu, na mpelelezi wake, Bwana Msa, anatafuta mkono wa binadamu. Kitabu kikikupa jibu ambalo usingeweza kulifikia hata kwa kusoma mara tatu, kasoro si yako.

Ukitaka kucheza mchezo huu sawasawa, tumia karatasi moja kama alama ya kurasa. Igawe safu tatu: jina, alikuwa wapi, nani anathibitisha. Safu ya tatu ndiyo yenye mali. Mtu anayethibitishwa na mtu mmoja tu, ambaye naye anamtegemea yeye, wazungushie duara wote wawili. Kisha simama kabla ya ufumbuzi. Mara nyingi hufika pale kitabu kinapobaki moja ya tano: mpelelezi anaomba wote wakusanyike, au anasema sasa ameelewa halafu hasemi alichoelewa. Funga. Andika jina, njia na sababu. Ukipata jina bila njia wala sababu, ulibahatisha, na raha yake ni nusu.

Kinachoharibu zaidi ni usomaji wa kudonoa. Kurasa tatu kila usiku kwa mwezi mzima huua riwaya ya "nani", maana dalili ya wiki ya kwanza imeshafutika ufumbuzi unapofika. Kitabu cha kurasa 200 kimalize kwa vikao vinne hadi sita. Riwaya ya "itakuwaje" huvumilia kudonolewa, na ndiyo ninayompendekezea mtu asiye na muda. Vitabu vya kusikiliza vinafaa kwa hizo pia. Kwa "nani" vinasumbua, kwa kuwa kurudi nyuma kutafuta sentensi moja ni kazi na majina yanayofanana kwa sauti huchanganyana. Maandishi ya jalada la nyuma yasome mistari miwili tu. Wachapishaji wengine hutaja humo kifo kinachotokea katikati ya kitabu. Na mtu akianza kukueleza kwa nini The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie ilizua ubishi ilipotoka mwaka 1926, mzuie hapo hapo mpaka utakapoisoma.

Riwaya nzuri ya "nani" irudie baada ya miezi michache. Safari hii mfuate mhalifu peke yake: soma kila anachosema tangu anapoingia, uone ni mara ngapi alisema kweli tupu mbele yako, kwa maneno yaliyochaguliwa hata ukayaelewa kinyume.