Mkataba wa kuitwa kazini: nani analipia kusubiri?

Mwenye kinu cha kusaga mahindi Ahero, Kenya, hahitaji fundi wa umeme kila siku. Anamhitaji siku mota imeungua, na siku hiyo anamtaka mara moja. Ndiyo maana mkataba wa kuitwa kazi inapotokea unamfaa: halipi mshahara wa mwezi, hachangii NSSF (hifadhi ya jamii) wala tozo ya nyumba. Fundi naye huhudumia wateja kadhaa na kutoza bei ya saa iliyo juu kuliko ya mwajiriwa.

Yote hayo ni kweli, mradi mkataba useme nani analipia muda wa kusubiri. Mingi hutaja bei ya kazi tu, kisha inadai fundi afike ndani ya saa mbili, hata usiku na Jumapili. Fundi wa Kisumu aliyefungwa na sharti hilo hawezi kukubali kazi ya siku tatu Busia. Muda wake umeshachukuliwa bure. Ama alipwe ada ya kila mwezi, aitwe asiitwe, ama sharti la saa mbili lifutwe. Kando ya hiyo kuwe na ada ya kuitwa inayojumlisha nauli na saa ya kwanza ya uchunguzi, hata ikibainika kwamba ni fyuzi tu iliyokatika.

Palipo na ugomvi zaidi ni kwenye dhamana, yaani ahadi ya fundi kurudia kazi bure ikiharibika. Chukua mota ya kilowati 7.5 ya fezi tatu, yaani inayolishwa na nyaya tatu za umeme. Fezi moja ikipotea huku mota inazunguka, itaendelea kwa zilizobaki, itanguruma, itapata joto na koili zitaungua. Ovalodi, kifaa kinachokata umeme mota ikivuta ampea nyingi mno, ingeizima mapema, ila mtu ameipandisha hadi ampea 25 ilhali bamba la mota linasema 15. Fundi anaifunga mota waya upya, wiki mbili baadaye inaungua tena, na mkataba unasema "dhamana siku 30". Nani alipe? Bila kadi ya kazi, fundi. Kadi hiyo iandikwe volti kati ya fezi na fezi, ampea za kila fezi kinu kikisaga, na kipimo alichokiacha kwenye ovalodi; pande zote mbili zitie sahihi. Dhamana ikome kipimo kikiguswa na mtu mwingine.

Mteja naye ana hatari yake. Hoteli ya Nakuru inayomwita fundi yule yule karibu kila siku, ikampangia saa na kumpa vifaa, inaweza kuambiwa na Mahakama ya Ajira kwamba huyo ni mfanyakazi. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 humgeuza kibarua kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi akitimiza siku mfululizo zinazofikia mwezi. Kwa kazi ya namna hiyo, kuajiri ni haki zaidi.

Fundi aliye huru kweli ajue kwamba bima ya WIBA (ya fidia kwa majeraha ya kazini) ya mteja imekusudiwa wafanyakazi, kwa hiyo gharama ya bima yake aiweke kwenye bei. Malipo ya huduma za kiufundi yakifika shilingi 24,000 kwa mwezi, mteja hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Fundi adai cheti cha makato hayo kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato, kwani makato hayo hupunguza kodi yake ya mwaka. Ankara itolewe kwa eTIMS, mfumo wa mamlaka hiyo wa ankara za kielektroniki, siku kazi inapokwisha, na mkataba utaje siku 14 za kulipa.