Joe Jackson: 0.375 peke yake haimsafishi

Watetezi wa Joe Jackson, mchezaji wa besiboli aliyeshtakiwa kushiriki njama ya kupoteza fainali, hukimbilia namba moja: 0.375. Ndio wastani wake wa kupiga, yaani mapigo yaliyofaulu ukigawa kwa zamu za kupiga, katika fainali za besiboli za Marekani mwaka 1919, ambapo timu yake, Chicago White Sox, ilifungwa na Cincinnati Reds michezo 5 kwa 3 kwa sababu baadhi ya wachezaji walihongwa na wacheza kamari. Mapigo 12, kosa la udakaji hakuna. Mla njama angecheza hivyo?

Ipasue namba hiyo uone. Michezo 5 ya kwanza alipata mapigo 6 katika zamu 19, na gongo lake halikuleta mkimbio (pointi) hata mmoja. Mikimbio yote 6 aliyoileta kwa gongo ilipatikana katika michezo 3 ya mwisho. Hata hom rani yake (pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote), pekee katika fainali zile, aliipiga mchezo wa nane Reds wakiwa tayari wanaongoza 5-0.

Tumtendee haki, lakini: mkimbio hutegemea pia nani yuko kwenye vituo. Na mchezo wa nne unamtetea. Mpira ulipigwa upande wa kushoto wa uwanja, alikokuwa akilinda, akaurusha kwenye kituo cha nyumbani kumuwahi mkimbiaji. Mrushaji Eddie Cicotte, aliyekuwamo kwenye njama, akaudandia njiani, ukambabatiza ukapotea. Mkimbio ukaingia, Reds wakashinda 2-0.

Kinachomlemea ni pesa. Septemba 1920, mbele ya baraza la mashtaka Chicago, alikiri kupokea dola 5,000 kutoka kwa mwenzake Lefty Williams, kati ya 20,000 alizoahidiwa. Mshahara wake wa mwaka ulikuwa kama dola 6,000! Jackson hakujua kusoma, na hilo linaeleza kwa nini alisaini karatasi za wakili wa klabu za kuachia kinga yake dhidi ya mashtaka; bahasha ya noti haihitaji kusomwa. Mahakama ilimwachia Agosti 2, 1921, na kesho yake kamishna wa besiboli Kenesaw Mountain Landis akamfungia maisha pamoja na wenzake 7, akiwemo Buck Weaver ambaye alijua njama akanyamaza, lakini hakupokea hata senti. Hapo ndipo adhabu ile inapoyumba: mpokeaji na mnyamazaji walipimwa kwa kibaba kimoja.

Kipaji hakina ubishi: 0.408 akiwa Cleveland mwaka 1911, 0.356 maisha yake yote. Mei 2025 ligi iliwaondolea marufuku wachezaji waliofariki, hivyo kamati ya Jumba la Heshima la Cooperstown, linaloenzi magwiji wa besiboli, inaweza kumjadili, mapema kabisa Desemba 2027. Atahitaji kura 12 kati ya 16, na kanuni zao zinataka uadilifu upimwe pamoja na takwimu.