Uwandani au Maabara: Mwanafunzi wa Biolojia Aanzie Wapi?

Bajeti ya chuo kikuu inapobana, wanaofundisha biolojia hukabiliwa na uamuzi mgumu: fedha kidogo iliyopo igharimie basi, mafuta na posho za kuwapeleka wanafunzi uwandani, au inunue kemikali na vifaa vya maabara ya molekuli? Wapo wanaoamini kwamba zama za kukausha majani na kuhesabu miguu ya wadudu zimepita, na kwamba kijana anayehitimu bila kujua kuchambua vinasaba amepotezewa miaka mitatu. Hoja hiyo ina uzito, ingawa sikubaliani na pale inapoishia.

Uzito wake unaonekana kwenye mihogo. Ugonjwa wa michirizi kahawia unaweza kuacha mmea ukiwa na majani yanayoonekana mazima, na mkulima wa ukanda wa Pwani akagundua hasara siku ya kuvuna tu, anapopasua muhogo na kukuta ndani umeoza na kukauka. Jicho, hata likiwa la mtaalamu, haliwezi kuthibitisha kwamba kipando hakina virusi. Kipimo cha maabara kinaweza. Vivyo hivyo kwa inzi weupe wanaoueneza: wapo wa spishi tofauti wanaofanana kiasi kwamba ni vinasaba pekee vinavyowatenganisha kwa uhakika. Kwa hiyo anayedai maabara ni anasa kwa nchi ya wakulima amekosea.

Hata hivyo, tutazame kisa cha chura wa Kihansi. Mwaka 1996, bwawa la umeme likiwa katika hatua za ujenzi, watafiti walimkuta kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, chura mdogo wa rangi ya manjano asiyetaga mayai bali anayezaa watoto waliokwisha kukamilika, na ambaye dunia yake yote ilikuwa vieneo vichache vilivyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Miongoni mwa waliomwelezea kisayansi alikuwamo Kim Howell, mwanazoolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bwawa lilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kufugwa. Mwaka 2003 waliobaki korongoni walipungua ghafla, na mwaka 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ikatangaza kwamba spishi hiyo imetoweka porini. Mwaka uliofuata baadhi ya waliofugwa walirudishwa nchini na kutunzwa Mlimani, kwenye chuo kikuu hicho cha Dar es Salaam, kabla ya kuanza kurejeshwa Kihansi mwaka 2012.

Katika kisa hicho maabara ilifanya kazi ambayo macho yasingeweza, kwani ndiyo iliyobaini kuvu wa chitridi, wanaoshambulia ngozi ya vyura, kwenye vyura waliokufa. Lakini asingekuwapo mtu aliyezoea kuinama kwenye nyasi mbichi na kutambua kwamba chura aliyeko mkononi mwake hajawahi kuelezwa popote, spishi nzima ingetoweka bila mtu kujua ilikuwapo. Ustadi huo haununuliwi kwa pamoja na mashine. Hujengwa kwa miaka, na mwalimu anapostaafu bila mrithi, idara haiwezi kuuagiza kutoka nje.

Hoja kwamba safari za uwandani ni ghali nayo inatiwa chumvi, angalau kwa Dar es Salaam. Mikoko ya Kunduchi iko ndani ya jiji, na asubuhi moja ya maji kupwa inatosha kumfundisha mwanafunzi kutofautisha mchu, wenye mizizi myembamba inayochomoza kutoka kwenye tope na majani yanayotoa chumvi, na mkoko wenyewe, unaosimama juu ya mizizi iliyopinda. Msitu wa Pugu nao hauko mbali. Maabara, kwa upande wake, ina gharama zisizokwisha: kemikali huisha muda wake, na friza ikikosa umeme sampuli za mwaka mzima huharibika.

Ningeanzia uwandani, muhula wa kwanza, kisha sampuli zilezile ziingie maabara mwaka wa pili, ili mwanafunzi achambue vinasaba vya mmea aliouchuma mwenyewe. Kielelezo chake kikaushwe na kuwekwa kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kikiwa na tarehe, mahali na jina la mkusanyaji, kwa sababu ikitokea baadaye mashaka kwamba mmea ulipewa jina lisilo lake, mfuatano wa vinasaba usio na kielelezo humnyima mtafiti mwingine kitu cha kurudia na kukagua.