Nehemia na chakula cha liwali
Mwandishi wa makala ninayoyajibu hapa anawahimiza viongozi wa makanisa ya Mombasa waige ujasiri wa Musa mbele ya Farao, nami sina ubishi naye, ila naona kwamba upungufu wetu mkubwa si wa ujasiri, bali ni wa uadilifu katika fedha. Nehemia wa Biblia, aliyekuwa liwali (yaani gavana) wa Yuda kwa miaka 12 chini ya mfalme Artashasta wa Uajemi, hakula chakula alichostahili liwali, ilhali waliomtangulia walikuwa wakiwatoza watu mkate, divai na shekeli 40 za fedha. Tena aliwakemea hadharani wakuu waliowatoza riba ndugu zao, akawataka warudishe mashamba na nyumba, kisha akawaapisha mbele ya makuhani. Huku kwetu Likoni, ambako waumini wengi huishi kwa vibarua, harambee hazikauki (na wanasiasa huketi viti vya mbele), lakini hesabu zake ni nadra kusomwa. Paulo alipopeleka mchango Yerusalemu alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe na mtu. Kamati zetu za fedha nazo zichaguliwe na washirika wenyewe, wala si na mchungaji.